Uso wa Kuazima

Mtu wa kwanza kukimbia alikuwa Mama Gaudiose. Mama huyu wa Kirundi aliuza vitenge kando ya barabara ya Jules, pale Malvern, Johannesburg, na si mtu wa kukimbia ovyo. Mwili wake haukuruhusu, na heshima yake haikuruhusu zaidi. Lakini asubuhi ile ya baridi, alipopinda kona na furushi lake kichwani, akamwona Victoire ameinama anafungua kufuli la saluni, aliliachia furushi likaanguka, akageuka, akavuka kwenye taa za robot bila kungoja zibadilike. Dereva mmoja wa teksi alimpigia honi na kumwongezea tusi. Mama Gaudiose hakusikia lolote.

Victoire aliokota vitenge kimoja kimoja, akavikung'uta vumbi, akaketi navyo mlangoni. Alijua mwenye vitenge atarudi, maana hakuna mzuka wa kumfanya Mama Gaudiose aache mali yake barabarani. Akarudi kweli, ameshikana mkono na mama mmoja muuza nyanya, wakasimama ng'ambo ya mtaro.

"Victoire," aliita kwa mbali. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Uko mzima?"

"Njoo unishike mkono."

Mama Gaudiose alimshika mkono, kisha bega, kisha shavu, akamfinya kidogo kama mtu anayechagua parachichi. "Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Jana nimekulilia mpaka macho yakavimba. Picha yako nimeiweka kwenye simu, na mshumaa juu."

"Umemlilia pacha wangu, mama. Asante."

"Ulikuwa na pacha?"

"Nilikuwa naye."

Mama Gaudiose alikaa chini pale pale kizingitini, akaanza kulia upya. Safari hii alijua anamlilia nani, na alilia vizuri kuliko Victoire mwenyewe, ambaye alikaa kando yake na macho makavu, akikunja kitenge ambacho kilikuwa kimekwisha kunjwa.

Kosa hilo halikuwa la Mama Gaudiose peke yake. Kwa watu wa Bukavu, Uvira na Goma waliotawanyika duniani, mtu akifa, siku hiyo hiyo kila aliyemjua huondoa sura yake kwenye WhatsApp na Facebook akaweka ya marehemu. Warundi wengi wa Johannesburg nao wameuzoea mtindo huo. Hakuna aliyeitangaza desturi hiyo, lakini jaribu kubaki na sura yako ukicheka na miwani ya jua wakati wenzako wamevaa msiba, utasikia utakachoambiwa. Ukiona nyuso tatu kwenye simu yako zimegeuka kuwa moja, huhitaji kupigiwa. Unauliza tu ni nani. Na watu hukosea. Kulikuwa na kijana wa Rosettenville ambaye mchumba wake aliweka picha yake kumpongeza kwa siku ya kuzaliwa, wenzake wakaiga, na kabla ya mchana mama yake alikuwa ameanguka na kuzimia kule Kalemie.

Victoire mwenyewe, habari ilimfikia vibaya kuliko wote. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2018. Aliamka, akabandika chai, akafungua simu. Ujumbe wa kwanza kwenye kundi la familia ulitoka kwa binamu yake wa Lubumbashi, na pembeni mwa jina la binamu palikuwa na sura yake yeye Victoire, na mshumaa. Wa pili, sura ile ile. Wa tatu, wa nne, mpaka kidole kilipochoka kusukuma, kila aliyesema neno alilisema kwa uso wake. *Pumzika kwa amani, mama yetu. Umetuacha mapema.* Kwa muda mfupi, kabla akili haijakaa sawa, aliamini kwamba amekufa yeye, na jambo la ajabu ni kwamba hakuogopa. Alichofikiri ni nani atamwambia Célestine.

Kisha maji yakachemka yakazima moto, akaelewa.

Hawakuwa wameonana tangu Victoire alipoondoka Bukavu. Aliondoka akiwa binti, akamwacha Célestine kwa mama yao na mtoto mchanga mgongoni. Karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kurudi kule alikokimbia, hivyo hata kuzika hakwenda kuzika. Walichokuwa nacho ni sauti. Kila siku, asubuhi kabla ya wateja, Célestine alimtumia sauti ya kumcheka na kumtukana kwa mapenzi, na Victoire alimjibu akiwa anapanga machanuo. Kamera Célestine hakuipenda. Mtandao mbaya, alisema, umeme umekatika, simu imepasuka kioo. Victoire aliamini, maana Bukavu yote hayo hutokea, na mara nyingi hutokea kwa pamoja.

Ndugu walimwambia dada yake ameumwa kidogo tu, akaenda. Hakuna aliyetaka kusema zaidi. Naye alitaka kulia na hakuweza. Hilo ndilo lililomtesa kuliko kifo chenyewe. Kila alipofunga macho amtafute Célestine, alikutana na ile picha ya kwenye simu, na ile picha ilikuwa yeye. Mtu hawezi kujililia mwenyewe akiwa amesimama anakoroga chai. Machozi yaligoma.

Papa Théodore, fundi cherehani na shemasi wa kanisa lao, alitoa ua wa nyumba yake kule Turffontein kwa ajili ya matanga. Jumamosi mchana watu walijaa, viti vya plastiki vikaazimwa kwa majirani, jiko la makaa likawashwa kwa ajili ya baridi, na kwenye meza yenye kitambaa cheupe ikasimamishwa picha kubwa ndani ya fremu, na maua, na mishumaa miwili. Victoire alikalishwa kwenye mkeka chini ya picha hiyo, kama inavyompasa mfiwa. Waombolezaji walioingia walimtazama yeye, wakatazama juu, wakamtazama tena yeye. Mzee mmoja alivua kofia kwa picha, akasita, akamvulia Victoire pia, kwa usalama.

"Hata chozi," alinong'ona mwanamke mmoja nyuma, kwa sauti ile ya kunong'ona ambayo imekusudiwa kusikika. "Pacha wake kabisa, na hata chozi."

"Joburg inakausha batu," akajibu mwenzake, akiwaita watu batu kama kwao Kongo.

Aliyekuwa kando ya Victoire ni Masika, mwenzake wa saluni, mwanamke wa Butembo mwenye ulimi mkali na roho nyepesi. Masika hakuwa anaimba pamoja na wengine. Alikuwa ameikodolea macho fremu, ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akikagua mistari ya kusuka. Akamvuta Victoire sikio.

"Ule mukono," alisema.

"Mkono gani?"

"Pale begani, kwenye foto. Angalia kule chini, wamekata lakini vidole vimebakia." Akaunyoosha mkono wake mwenyewe magotini, nyuma ya mkunjo wa shuka alilojifunika, ili wengine wasione. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na kovu refu la pasi ya nywele. "Ile ni kidole yangu, Victoire. Ile foto tulipiga sisi wawili. Siku ulinisuka kwa Pasika."

Victoire aliinua macho. Lilikuwa kovu lile lile, mpaka na ule mkunjo wa mwisho wake. Nyuma ya sura yake ulionekana mlango wa bluu wa saluni, wa Malvern, ambao Célestine hakuwahi kuuona. Watu wa Turffontein walikuwa wakimwimbia Victoire mwenyewe, aliyeketi chini yao anasikiliza, na mishumaa ilikuwa yake.

Alivumilia mpaka wimbo ukaisha. Hakumwambia mtu. Lakini kuanzia hapo alikuwa na haja moja tu, na haja hiyo ilimkaa rohoni akila, akisuka, akilala: aione sura ya dada yake. Sura ya kweli aliyofia nayo, ili apate mahali pa kumwagia machozi yake.

Alianza na Gaël, mdogo wao wa mwisho, ambaye alikuwa mtoto wa shule Victoire alipoondoka na sasa ndiye msimamizi wa mambo yote ya simu nyumbani. Ndiye aliyechagua picha ya msiba.

"Nitumie foto zingine za Célestine," Victoire alimwambia. "Za hivi karibuni."

Gaël alituma. Ya kwanza, Célestine amevaa gauni la njano amesimama kando ya ukuta. Victoire aliujua ukuta huo, ni wa uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein, na gauni hilo lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wake. Ya pili, Célestine anacheka na kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa pale mbele yake, kina chai. Ya tatu, Célestine kanisani, na bega la koti la Papa Théodore limebaki ukingoni. Kila iliyofika, alijikuta yeye. Aliomba kwa shangazi, akaomba kwa rafiki wa Célestine wa shule, akaomba kwa mwimbaji mwenzake wa kwaya. Wote walikuwa wakarimu. Wote walimtumia Victoire.

"Ile ya mulango ya bluu ndiyo niliweka kwa kilio," Gaël alieleza, "sababu ile batu bengi balipenda. Kwa Facebook yake ilikuwa na mapendo mingi kupita zote."

"Na wewe uliona ni yeye?"

"Ilikuwa kwa ukurasa yake, yaya," Gaël alimjibu dada yake mkubwa. "Nilifikiri ni ya mbele, wakati hajagonjwa."

"Aligonjwa lini?"

Hapo mtandao wa Bukavu ukakatika, kwa bahati au kwa mkono wa mtu.

Basi Victoire akakumbuka. *Nitumie foto*, Célestine alikuwa akisema kila mara, miaka hiyo miwili ya mwisho. *Nione umevaaje. Nione umesuka nini. Piga ukiwa unacheka, usipige kama umeshikwa na polisi.* Victoire alipiga na kutuma, akifurahi kwamba kuna mtu mmoja duniani anayejali amesuka nini. Siku moja tu aliona picha yake kwenye ukurasa wa Célestine, na watu wamejaa chini wanasifu. Akamuuliza. Célestine akacheka mpaka akakohoa. "Sura ni yetu sote," alisema. "Na wewe chukua zangu, nani amekukataza?" Tangu utotoni walikuwa wakiwachezea walimu hivyo, mmoja akichapwa fimbo za mwingine. Victoire alicheka pia, akaendelea na kazi. Hakujiuliza kwamba za Célestine za kuchukua hazikuwepo.

Sasa simu ilimwogofya. Aliiacha kwenye mfuko wa aproni, na kila ilipotetemeka pajani alijua ni yeye mwenyewe anamwita. Picha ya Victoire ilikuwa inampa Victoire pole. Ilimuuliza kama ana nafasi Jumanne ya kusukwa, maana wateja wa msibani hawakuacha kupendeza. Ilimtumia vichekesho asubuhi, imevaa mshumaa, imeandika hahaha. Alianza kutoka nyumbani kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya kioo cha duka la viatu.

Saluni, kama kila mahali pa wanawake, ina maoni juu ya kila kitu. Mteja mmoja, nywele zake nusu zimesukwa nusu zimesimama wima, alisema yeye Facebook aliiacha kwa ajili ya ndoa yake, akairudia kwa ajili ya ndoa ya jirani. Mwingine alisema hawezi kuacha. Akiacha, watu wa nyumbani watasema amefungwa au amefulia. Mama Gaudiose, aliyekuwa amezoea kuja kukaa humo tangu siku ile ya kukimbia, alisema yeye amebaki kwa sababu ya wafu tu. "Walio hai wananipigia," alisema. "Wafu wangu wote wako mle. Nikitoka, nani atawatembelea?"

"Mimi natoka," Victoire alisema.

Masika aliacha kuchana. "Unatoka wapi?"

"Kote. Facebook, kundi la familia, kote. Sitaki kujiona tena."

Alifanya hivyo saa ya chakula, amesimama nyuma ya saluni karibu na ndoo za taulo. Facebook haiachi mtu aondoke kimya kimya. Ilimpeleka ukurasa huu na ule, ikamuuliza sababu, kisha ikamwonyesha wale watakaomkosa. Fulani atakukosa, iliandika. Fulani naye atakukosa. Na juu ya kila jina, badala ya fulani, ilikuwa sura yake na mshumaa. Safu nzima ya Victoire ilikuwa ikimsihi Victoire asiende. Akaizima simu bila kubonyeza kitu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Gaël alipiga. Victoire alipopokea, haikuwa sauti ya Gaël.

"Mama mudogo."

Alikuwa Murielle, binti wa Célestine, aliyekuwa mgongoni siku ile ya kuagana. Sasa alikuwa na miaka minane, akiishi na bibi yake mzaa mama, aliyemwita koko. Kwao dada wa mama ni mama, mdogo au mkubwa, na kwa kuwa Victoire alizaliwa wa pili, alikuwa mama mdogo. Tangu msiba alikuwa akimkwepa mtoto huyu. Aliongea naye kwa sauti tu, maneno machache, akitoa visingizio vile vile vya mtandao na umeme alivyovisikia kwa Célestine. Aliona ni ukatili kumletea mtoto uso wa mama yake kwenye kioo kisha kuuzima.

"Mama mudogo, weka kamera."

"Mtandao mbaya, mpenzi."

"Mama naye alikuwa anasema hivyo."

Victoire alikaa juu ya kiti cha wateja. Saluni Jumapili ilikuwa imefungwa. Alikuwa amekuja kuchukua mwavuli, na Masika alikuwa amemfuata ajioshee taulo zake. Aliwasha kamera. Murielle alitokea, paji pana, meno ya mbele makubwa kuliko uso. Alimtazama mama yake mdogo kwa muda mrefu bila kulia, bila hata kushangaa.

"Kwenye ukuta tumeweka foto yako," alisema mtoto. "Koko anaiwashia mushumaa."

"Ni ya mama yako."

"Hapana. Ni wewe. Mimi nilikuwa namukatia." Akaonyesha kwa vidole viwili namna ya kukata picha, akitoa pembeni kila kisichotakiwa. "Mama alikuwa amelala, mikono inauma, alikuwa ananiambia, toa ule mutu, toa ile mulango, na mimi natoa. Ile ya bluu nilichoka, nikaacha vidole."

Masika, mlangoni, aliweka ndoo chini.

"Kwa nini alifanya hivyo, Murielle?"

"Alikuwa na kansa. Alisema batu bakimuona hivi, batamulilia mbele hajakufa. Hakutaka kuliliwa akiwa anasikia." Mtoto alikuwa anaeleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulijua jambo siku nyingi na kungoja tu aulizwe. "Akisha kuweka yako, anasoma yote batu baliandika. Muzuri, Célestine. Unang'aa, Célestine. Ananiambia, unaona, leo niko muzuri. Siku ile anakula."

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema wewe ukijua, hautacheka tena kwa foto. Atapata wapi zingine?"

Victoire aliifunika kamera kwa kiganja. Miaka miwili alikuwa amempelekea dada yake uso wa kuvaa, wa kwenda nao mahali penye watu, na hakujua. Alikuwa anamvisha mgonjwa akidhani wanacheza. Hakujua kama ashukuru au akasirike, akakasirika kwanza, maana hasira ilikuwa karibu. Kisha akaondoa kiganja.

"Murielle, hakuna foto yake hata moja? Yake yeye?"

Mtoto alitazama nyuma yake, akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaa. "Iko moja. Nilipiga akiwa amelala. Aliamka akaiona. Nilifikiri atanipiga. Alisema ibakie kwangu, isitoke kwa batu." Akafikiri. "Wewe uko mutu?"

"Mimi si watu," Victoire alisema. "Mimi ni yeye."

Mtoto aliipima hoja hiyo, akaona ina haki. Simu ikakatwa. Picha ilichukua muda kufika. Duara lilizunguka, likazunguka, na Victoire alikaa mbele ya kioo kikubwa cha saluni bila kujitazama. Masika alitaka kutoka ampe nafasi. Victoire akamshika sketi.

Ikafunguka. Mwanamke alikuwa amelala kwenye mto wenye maua, mdogo sana. Kichwa hakikuwa na nywele. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, ngozi imekaza juu ya paji, na mdomo umefunguka kidogo upande mmoja, vile vile walivyolala wote wawili tangu watoto, mpaka mama yao alikuwa akiwafunga midomo kwa kidole. Hakufanana na Victoire hata kidogo. Alikuwa Célestine. Baada ya nyuso zote zile, huyu peke yake ndiye alikuwa Célestine, na Victoire alimjua papo hapo.

Alilia. Alilia mpaka akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni kati ya nywele zilizokuwa hazijafagiliwa, simu kifuani, akimwita kwa jina la utani ambalo Masika hakuwahi kulisikia. Masika alikaa naye chini, hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi kubwa.

Alipopoa, Masika ndiye aliyesema la kwanza. "Iweke. Watu wote waone. Wale bote ba Turffontein waliokusema huna machozi, baone walikuwa wanalilia kidole yangu."

Wazo hilo lilimvutia, tena sana. Aliona jinsi mishumaa yote ingebadilika kwa siku moja, na uso wake ungerudishwa, na angeweza kupita mbele ya duka la viatu tena. Aliishika simu, kidole juu ya picha. Kisha akamfikiria Célestine anasoma, siku aliyokula. Kama watu wote wangemwona kwenye mto ule wenye maua, yale aliyoyasoma yangekuwa ya nani?

"Hapana," alisema. "Uso huu aliuchagua mwenyewe. Wacha ukae naye."

"Na wewe utakaa na uso gani?"

"Nitakaa nao huku. Yeye akae nao kule. Mahali pamoja hatuwezi kuuvaa wawili, mmoja hai mmoja maiti. Tutawakimbiza watu bure, kama Mama Gaudiose."

Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alifuta picha zake moja moja, gauni la njano, kikombe, Pasika na vidole vyake. Zilibaki kule kwenye ukurasa wa Célestine tu, na hakuwa na la kudai. Akafunga akaunti. Safu ile ya Victoire ilitokea tena kumsihi, wote na mishumaa yao. Safari hii aliwatazama mmoja mmoja kama anavyotazama wageni wa dada yake waliokuja kwa wingi, akabonyeza. Kundi la familia alitoka pia. Watu walisema amekuwa na kiburi, wengine walisema huzuni imempanda kichwani. Papa Théodore alikuja mpaka saluni kumuuliza kama ameudhiwa. Victoire alimpa kiti na chai, wakaongea habari za cherehani.

Namba moja tu aliiacha wazi. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye kiti cha wateja, akawasha kamera, na Murielle alimtazama. Wakati mwingine hawakuongea sana. Mtoto alikuwa anafanya kazi za shule, akiinua macho mara kwa mara kuhakikisha yupo.

"Mama mudogo," alisema siku moja, "wewe ukizeeka utakuwaje?"

"Kama wazee wengine."

"Ukianza kuota mvi, utanionyesha?"

"Kwa nini, mpenzi?"

"Ndiyo nijue na za mama zingeanza siku gani."

Victoire alisema atamwonyesha. Alisema kwa sauti ya kawaida.

Msiba ulitimiza mwaka. Kwenye simu za watu mlango wa bluu ulirudi na mishumaa mipya, na Mama Gaudiose alikuja kumwambia kwa upole kwamba dada yake ametembelewa na wengi. Baridi ilikuwa imeshika tena barabara ya Jules. Asubuhi moja ya Jumapili, Masika alikuwa anamfumua nywele ili amsuke upya, jua la baridi likiingia dirishani, ndipo akasimamisha chanuo.

"Eish. Umeota mvi. Moja, hapa juu ya sikio." Akafungua droo kutafuta mkasi mdogo, ule wa kuwaondolea wateja aibu. "Kaa hivyo nikutoe."

Victoire aliushika mkono wenye kovu. "Wacha."

"Si moja tu?"

"Wacha, Masika. Nipe simu."

Hakungoja saa yao. Kule Bukavu ilichukua muda kupokelewa, kisha Murielle akatokea, mdomo umejaa mkate. Victoire hakumsalimia. Aliinamisha kichwa mbele ya kamera, akazitenga nywele kwa vidole viwili, akaitoa ile moja peke yake kwenye mwanga.

Mtoto aliacha kutafuna. "Sogeza karibu," alisema.

Akasogeza. Upande ule zikasikika hatua za mtoto zikikimbia na simu, picha ikiruka dari na sakafu, na sauti yake ikiita uani kwa nguvu zote.

"Koko! Kuja uone. Mama ameota mvi."

Bibi kizee aliuliza miwani yake iko wapi. Victoire aliendelea kuinamisha shingo, vidole vikiushika ule unywele, akangoja mpaka mama yake akaipata.